Namba Mahali pa Herufi

Simu ya Maame Dansowaa ililia mlio mfupi juu ya meza, na watu watatu waliokuwa sebuleni wakaikodolea macho kama vile nyoka kadondoka darini.

"Ni yeye," Maame alisema. "Ni Pokuaa."

Lakini hakuinyanyua. Inspekta Dufie Amankwaa wa ofisi ya upelelezi, aliyekaa mkabala naye, alinyoosha mkono.

"Naomba, Maame. Nisome mimi."

Pokuaa Antwi, fundi nywele wa hapo hapo mtaani Bantama, jijini Kumasi, alitoka nyumbani Alhamisi asubuhi akisema anapitia mahali mara moja kabla ya kufungua saluni. Saluni haikufunguliwa. Leo ilikuwa Jumatatu. Tangu siku ile hakuna aliyemwona wala kusikia sauti yake. Ila kila siku ujumbe mmoja uliingia kwenye WhatsApp ya mama yake, kutoka kwenye akaunti ya Pokuaa mwenyewe, ukisema yu mzima. Ukimpigia, hapokei.

Dufie alisoma kwa sauti, akakwama kwenye neno la pili.

*Maame, mew0254 baabi papa.*

Mama, niko mahali pazuri, kwa Kitwi, lugha yao. Maneno yalikuwa yale yale ya siku zote, isipokuwa leo neno "niko" lilikuwa na namba mkiani. Baada ya hapo zilifuata emoji tatu: njiwa mweupe, ua jekundu na viganja viwili vilivyokutanishwa kwa maombi.

"Lete hapa!" Wofa Manu, kaka yake Maame, alimpokonya simu. Alikuwa dereva wa malori kabla ya kustaafu, na hakuna nchi ambayo hakuwa na habari zake. "Sifuri mbili tano nne. Dansowaa, hii namba ninaijua! Hii ni Kenya!"

"Kenya ndiyo wapi?"

"Mbali, dada yangu. Upande wa pili kabisa, kunakotoka jua. Kuna mtu wa namba hiyo alinipigia mwaka jana anataka kuniuzia dhahabu. Mimi, mtoto wa migodini Obuasi, niuziwe dhahabu na Mkenya!"

Maame hakusikia habari za dhahabu. Aliteleza kutoka kwenye kiti mpaka sakafuni, mikono kichwani. "Wameniuzia mtoto! Ei, Pokuaa! Wameniuzia mtoto!"

"Wofa, subiri kwanza," Dufie alisema. "Namba ya nchi huanza na alama ya kujumlisha, au sifuri mbili. Hapa sifuri ni moja."

"Madam, mtoto kafungwa mikono, wewe unataka ahesabu sifuri?"

Dufie alipiga magoti, akamwinua Maame, akamrudisha kitini. Kisha akaichukua tena simu, taratibu, akaanza kurudi nyuma kwenye mazungumzo. Akapita Jumapili, akapita Jumamosi na Ijumaa, akafika kwenye ujumbe wa kabla ya Alhamisi. Akasimama hapo.

"Maame, binti yako huandika hivi siku zote?"

Alimwonyesha. *Mew) salon.* Niko saluni. *3y3.* Safi. *Med) wo.* Nakupenda.

"Si ndivyo wanavyoandika wote?" Maame alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Namba tatu badala ya ɛ, mabano badala ya ɔ. Namwambia kila siku, mwanangu, mwalimu wako akiona hii atakuchapa. Anacheka tu."

"Na hizi za kuanzia Ijumaa?"

Maame alisogeza simu karibu na pua. *Maame, mewɔ baabi papa.* Herufi zilikuwa kamili, kama za kitabu cha nyimbo za kanisani. Hapakuwa na tatu wala mabano.

"Labda kabadilika," alisema kwa sauti ndogo.

"Na viganja hivi. Tazama vya zamani. Vina rangi gani?"

"Kahawia. Kama yeye."

"Na vya sasa?"

Vya sasa vilikuwa vya njano.

Wofa Manu alivua miwani, akaivaa tena. "Madam, unataka kusema nini?"

"Sijasema kitu bado. Mchana mje ofisini, muandikishe hiyo habari ya Kenya. Kwenye simu msifute chochote."

Alikuwa bado hajalifikia gari lake nje ya geti simu yake ilipoita. Ilikuwa ni kutoka mji wa pwani wa Takoradi, Inspekta Mieza, ambaye Dufie alimwomba msaada baada ya kampuni ya simu kusema kwamba simu ya Pokuaa inanasa mnara wa huko.

"Madam Dufie, furahi. Simu yako nimeipata."

"Wapi?"

"Ndani ya gunia la vitunguu. Lori limetoka Kumasi wiki iliyopita, mzigo ukakaa stendi. Mwenye vitunguu kafungua gunia leo alfajiri, kaona linawaka taa, kakimbia nusu mtaa akidhani ni bomu."

"Sasa iko kwa nani?"

"Iko mezani kwangu, ndani ya bahasha. Ina namba ya siri, hatujaweza kuifungua. Chaji yenyewe imebaki kidogo sana."

"Nusu saa iliyopita ilikuwa kwa nani?"

"Hapa hapa. Ninaitazama nikinywa chai. Kwa nini?"

"Imetuma ujumbe, Mieza. Nusu saa iliyopita."

Mieza alisikika akisogeza kiti.

"Madam," alisema hatimaye, "usinitishe asubuhi yote hii. Mimi nipo peke yangu humu ofisini."

"Hujaiona ikiwaka?"

"Haijatikisika! Naapa. Hakuna mkono ulioigusa."

Dufie alikata simu akabaki amesimama na ufunguo wa gari mkononi. Mtu mwenye akaunti ya WhatsApp anaweza kuifungua pia kwenye kompyuta. Simu ikilazwa hata ndani ya vitunguu, kompyuta inaendelea kutuma. Inatosha kuiunganisha mara moja tu. Kwa hiyo Takoradi ilikuwa gunia la vitunguu na basi. Aliyekuwa akiandika alikuwa mbele ya kompyuta, na kompyuta hiyo ilikuwa popote duniani.

Ofisini, ghorofani kwenye kituo cha polisi, alimkuta Sajenti Ampofo peke yake, miwani ikiwa imeshuka hadi ncha ya pua. Ampofo alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Ndiye aliyempokea Dufie siku ya kwanza kazini, akamfundisha kuandika maelezo ya shahidi, kuzungumza na mfiwa, hata kunywa chai huku maiti iko chumba cha pili. Cheo cha Dufie kilipompita, Ampofo aliendelea kumtania vile vile, na Dufie aliendelea kumwita Papa. Kesi ya Pokuaa ilipofunguliwa, Ampofo mwenyewe ndiye aliyeomba kusaidia.

"Papa Ampofo, tazama huu wa leo." Dufie alikuwa ameupiga picha kwa simu yake.

Ampofo aliusoma. Ulikuwa ujumbe wa mstari mmoja, lakini aliusoma kama hukumu ya kurasa kumi. Kisha akatoa leso akajifuta shingo.

"Mjomba wake anasema hiyo namba ni Kenya," Dufie alisema.

"Kenya!" Ampofo alirudisha leso mfukoni. "Kenya hasa, Madam. Wasichana wengi siku hizi wanapitishwa kule kupelekwa Uarabuni. Niandike barua makao makuu?"

"Andika. Na simu imepatikana Takoradi."

"Si nilikuambia? Katoka Takoradi, kapanda ndege." Alisimama, akachukua kofia. "Kwanza nikatafute waakye kabla haijaisha. Nikuletee yenye yai?"

"Niletee."

Alipotoka, Dufie alikaa mbele ya kompyuta. Ilikuwa moja tu kwa ofisi nzima, ya mezani, yenye kibodi iliyofutika herufi kwa kuguswa. Aliweka picha mbili kando ya skrini: ujumbe wa Ijumaa na ujumbe wa leo.

*Mewɔ baabi papa.*

*Mew0254 baabi papa.*

Ilikuwa ni sentensi moja. Kila kitu kilikaa mahali pake, ila kwenye ile ya pili herufi ɔ ilikuwa imeondoka na namba imekaa kwenye kiti chake. Pokuaa angeandika mabano. Mtu asiyejali angeandika o ya kawaida. Ni nani anayetaka kuandika ɔ akaishia kuandika 0254?

Alifungua programu ya kuandikia barua. Juu, kwenye orodha ya mambo ya kuingiza, palikuwa na neno Alama. Alibofya. Likatoka jedwali la vijumba vidogo vidogo: alama za fedha za nchi za watu, herufi zenye kofia, herufi zenye mkia. Alishuka nalo polepole kwa kipanya mpaka akaiona ɔ imejibanza kati ya ndugu zake. Akaibofya. Chini ya jedwali kulikuwa na kisanduku kidogo cha namba ya utambulisho wa herufi.

0254.

"Ei," Dufie alisema peke yake.

Akabofya ɛ, kisanduku kikageuka: 025B. Akarudi kwenye ɔ. 0254. Hapakuwa na Kenya, hapakuwa na ndege. Palikuwa na mtu aliyezizoea namba za herufi za Kitwi hata hazitafuti kwenye jedwali. Anaziandika moja kwa moja, kisha anabonyeza vitufe fulani zigeuke. Dufie alijaribu. Aliandika 0254, akashika kitufe cha Alt, akagusa X. Namba zikatoweka, ɔ ikasimama peke yake. Halafu akafungua WhatsApp yake mwenyewe kwenye kivinjari, akaandika 0254, akabonyeza vile vile. Hakuna kilichotokea. Namba zilibaki namba.

Basi mtu huyo huandika kwanza kwenye programu ya barua, ananakili, anabandika. Leo alikuwa na haraka. Aliandika moja kwa moja, akabonyeza kwa mazoea, akatuma bila kutazama.

Zilibaki emoji. Je, njiwa na ua na viganja vya njano vinaweza kutoka kwenye kompyuta ya kawaida kama hii? Aliwahi kumwona binti mmoja wa uhasibu akifanya hivyo. Kitufe chenye picha ya dirisha, pamoja na kitufe cha nukta.

Alibonyeza vyote viwili.

Kidirisha kiliruka katikati ya skrini, kimejaa nyuso na matunda na magari. Juu kabisa kulikuwa na safu ya zile zilizotumika karibuni. Zilikuwa tatu tu.

Njiwa mweupe. Ua jekundu. Viganja vya njano.

Dufie aliondoa mikono kwenye kibodi kama aliyeshika pasi ya moto. Kiti kilirudi nyuma kikagonga kabati. Akakifunga kile kidirisha, akakifungua tena. Vilikuwa pale pale, kwa mpangilio ule ule. Akafungua historia ya kivinjari: zaidi ya WhatsApp yake ya sasa hivi ilikuwa tupu, hata kurasa za wiki iliyopita alizofungua yeye mwenyewe hazikuwepo. Kuna mtu alipafagia pakawa peupe. Hakujua tu kwamba kuna kona nyingine inayokumbuka.

Aliinuka akafunga mlango, akarudi, akasimama. Hakuna shahidi yeyote katika ofisi hii aliyewahi kuandikiwa njiwa kwenye maelezo yake. Wenye kutumia kompyuta hii walikuwa watatu. Inspekta Boadu alikuwa likizo kijijini kwao. Yeye mwenyewe, ujumbe ulipoingia, alikuwa sebuleni kwa Maame Dansowaa. Na ofisi hufungwa kwa ufunguo.

Ampofo aliingia na vifurushi viwili vya majani, harufu ya waakye, wali wa maharage, ikamtangulia.

"Nimekuwekea na ngozi ya ng'ombe, Madam. Yule mama kaninyima pilipili, eti umri wangu hauruhusu."

"Papa, kabla hatujala. Nataka tutoe tangazo. Niandikie sentensi moja kwa Kitwi, wewe ndiye fundi. 'Pokuaa, popote ulipo, tunakuja.'"

"Hiyo tu?"

Alikaa, akavuta kibodi. Dufie alisimama nyuma ya bega lake. Vidole vya Ampofo vilikuwa vinene, lakini vilijua njia. Vilifika kwenye neno lenye ɔ, vikagonga sifuri, mbili, tano, nne. Kidole gumba kikashika Alt, cha pili kikagusa X. Herufi ikazaliwa. Hakutazama hata.

"Huna haja ya jedwali?" Dufie aliuliza.

"Jedwali la nini? Miaka yote hii. Vijana wao wanaandika tatu, wanaandika mabano, wanaharibu lugha ya watu. Mimi sijawahi kuandika Kitwi kihuni."

"Na kwenye WhatsApp ya kompyuta? Ukibonyeza vile vitufe, namba inageuka?"

Vidole vilisimama juu ya kibodi.

"Haigeuki, Papa. Nimejaribu. Inabaki namba."

"Madam, sijakuelewa."

"Leo asubuhi ulikuwa na haraka gani?"

Ampofo aligeuka na kiti, akacheka kidogo. "Kompyuta hii kila mtu anaitumia."

"Boadu yuko kwao. Mimi nilikuwa kwa mama wa watu, nimeshika simu ujumbe unaingia. Ufunguo wa pili wa mlango huu uko kwenye mkanda wako."

"Mtu anaweza..."

Dufie alinyoosha mkono juu ya bega lake, akabonyeza dirisha na nukta. Njiwa, ua na viganja vikajitokeza juu ya sentensi ya Kitwi.

Ampofo alivitazama.

"Na hii nayo inakumbuka?" aliuliza polepole. "Nilifuta kila kitu."

Mpaka dakika ile Dufie alikuwa akingoja yule mzee ampe jibu jingine, lolote, wacheke, wale waakye.

"Yuko hai?"

"Yuko hai! Haki ya Mungu yuko hai. Mimi si muuaji, Dufie, unanijua."

"Yuko wapi?"

Ampofo aliangalia saa ya ukutani. Hilo ndilo lililomwogopesha Dufie kuliko jibu.

"Papa. Yuko wapi?"

"Hajatoka hapa."

"Hapa Kumasi?"

"Hapa, Madam." Alionyesha sakafu kwa kidole. "Chini. Selo ya wanawake."

Kifurushi cha majani, alichokuwa amekipokea bila kujua, kilimponyoka Dufie. Wali ulitawanyika juu ya viatu vyao wote wawili.

"Unasema nini wewe?"

"Alikuja Alhamisi kuchukua pikipiki ya marehemu kaka yake. Ile ya ajali, iliyowekwa kama kielelezo. Nikamwambia haijatoka mahakamani. Akasema, unanidanganya, nimemwona mpwa wako anaiendesha sokoni, namba ni ile ile. Akasema kesho anakwenda redioni kwenye kipindi cha asubuhi, Kumasi nzima ijue. Nimebakiza mwaka mmoja, Dufie! Mwaka mmoja! Nilitaka alale tu usiku mmoja, hasira zishuke. Nikamwandika jina jingine, kwamba ni mgonjwa wa akili kaokotwa barabarani. Asubuhi mama yake akaja kuripoti. Ningemtoaje tena? Kila siku ikawa ngumu kuliko jana."

"Kwa pikipiki."

"Kwa pikipiki."

"Na simu yake?"

"Nilimshika kidole nikaifungua, nikaiunganisha na hii. Halafu nikaisafirisha. Nilitaka mama asilie sana. Ndiyo maana nikaweka na maua."

Dufie alimtazama mtu huyu aliyeweka maua. Mkono ulimtoka wenyewe ukashika pingu, ukazungusha pete moja kwenye mkono wa mzee na nyingine kwenye nondo ya dirisha. Ampofo hakupinga.

"Saa unaiangalia kwa nini?"

"Kuna kambi ya maombi huko porini, wanapokea wagonjwa wa akili. Nimewaita wamchukue leo mchana." Alimeza mate. "Gari limeshafika, Madam. Nimewaona nilipokwenda kununua chakula."

Dufie alishuka ngazi kwa kuruka. Kwenye kaunta ya chini alikuwepo Konstebo Takyiwaa, kalamu mkononi.

"Selo ya wanawake kuna nani?"

"Sasa hivi hakuna, Madam. Alikuwa yule mgonjwa tu, Yaa Mansa. Sajenti kashasaini, watu wa maombi wamemtoa."

"Yeye mwenyewe anasema anaitwa nani?"

"Yeye?" Takyiwaa alicheka. "Kila ukimpa chakula anasema yeye ni Pokuaa wa Bantama. Sajenti akasema wagonjwa hushika majina wanayosikia redioni..."

Kicheko kilikatika. Takyiwaa aliweka kalamu chini.

"Madam?"

Dufie alikuwa ameshafika uani. Gari dogo jeupe la abiria lilikuwa linarudi nyuma kuelekea getini. Alikimbia akasimama nyuma yake, akapiga bati kwa viganja vyote viwili.

"Zima! Zima gari!"

Mwanamume aliyevaa kanzu nyeupe alitoa kichwa dirishani. "Sister, amani kwako. Karatasi tunazo."

"Nitakulisha hizo karatasi. Shuka!"

Alivuta mlango wa pembeni. Ndani, kwenye kiti cha nyuma, alikaa mwanamke aliyefungwa viganja kwa ukanda wa kitambaa. Nusu ya kichwa ilikuwa na misuko mizuri, nusu ilikuwa imefumuliwa kwa vidole. Alimtazama Dufie bila kusema neno.

"Wewe ni nani?" Dufie aliuliza.

"Nimeshasema." Sauti ilikuwa imekauka kabisa, kama ya mtu aliyeshinda uwanjani akishangilia. "Nimesema mpaka nimechoka."

"Sema mara moja tu tena. Mimi nasikiliza."

Mwanamke alimpima, kuanzia viatu vyenye wali mpaka usoni.

"Pokuaa Antwi," alisema. "Mama yangu ni Dansowaa."

Dufie alijaribu kufungua kile kitambaa. Fundo lilikuwa gumu; Takyiwaa, aliyekuwa amefika akilia waziwazi, ndiye aliyelikata kwa kisu cha kaunta. Walimshusha Pokuaa, wakamweka kwenye kivuli cha ukuta. Aliomba maji, akanywa, akaomba tena.

Hapo ndipo teksi ilipoingia getini. Mlango wa mbele ulifunguka, Wofa Manu akashuka na makaratasi yake ya Kenya kwapani. Mlango wa nyuma ulifunguka, Maame Dansowaa akaweka mguu mmoja chini, akainua macho.

Hakupiga kelele. Alitembea uani kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, akafika, akamshika binti yake masikio, akamshika mashavu, akamnusa utosi. Kisha akakaa chini pale pale kwenye vumbi na kumlaza mapajani, mtu mzima yule, kama mtoto wa kunyonya.

Wofa Manu aliyatazama makaratasi yake. "Karudije? Kenya..."

"Madam." Maame hakuinua uso. "Mungu akubariki. Umempata wapi?"

Dufie alikuwa amewahi kupeleka habari za misiba kwenye nyumba nyingi. Maneno haya mafupi yalimshinda nguvu.

"Hapa, Maame."

"Hapa wapi?"

"Hapa kituoni. Kwenye selo." Alionyesha dirisha dogo la nondo lililokuwa usawa wa ardhi, chini ya veranda ya kaunta. "Tangu Alhamisi. Mtu wetu ndiye aliyemfungia. Ndiye aliyekuwa anakuandikia."

Maame aliligeukia lile dirisha. Akatazama veranda iliyokuwa juu yake, na benchi la mbao lililoegemea ukuta, mahali wanapokaa watu wanaosubiri kuripoti.

"Ijumaa nilikaa pale," alisema.

"Nilikusikia, Maame," Pokuaa alisema, uso ukiwa bado mapajani. "Nilikusikia unataja jina langu. Sauti ilikuwa imenikauka. Nikapiga ukuta."

Mkono wa Maame, uliokuwa ukipapasa ile misuko iliyofumuka, ulisimama.

"Nilisikia," alisema. Aliwatazama wote, mmoja mmoja: Dufie, Takyiwaa, kaka yake, watu wa kanzu nyeupe. "Niliusikia huo ukuta ukigongwa. Nikauliza, ni nani huyo? Wakaniambia, ni kichaa. Nami nikainamisha kichwa pale pale kwenye benchi, nikamwombea. Nikasema, Mungu, msaidie mama wa huyu mwanamke, popote alipo."